Udi Hupakatwa Kwanza, Hununuliwa Baadaye

Swali la kwanza la mtu anayetaka kujifunza udi, chombo cha muziki chenye nyuzi, huwa ni la nchi: ninunue wa Misri, wa Syria au wa Uturuki? Mimi naliweka la tatu. La kwanza ni utaupakata vipi kwa mwili huo ulio nao. La pili ni utapiga nini, na utakaa kando ya nani. Ukishajibu hayo mawili, la nchi karibu hujijibu lenyewe. Ukianza na la nchi, kuna hatari kubwa ya kuishia na pambo zuri la kutundika sebuleni.

Nasema hivi kwa sababu udi hauna mahali pa kuushikia. Gitaa lina kiuno kinachokaa pajani. Fidla inabanwa kwa kidevu. Udi una mgongo wa mviringo, umejengwa kwa vibamba vyembamba vya mbao vilivyokunjwa kwa joto na kugandishwa kimoja baada ya kingine, na mviringo huo hautaki kutulia. Ukiuweka pajani unateleza mbele. Ukiuegemeza kifuani, uso wake unatazama dari. Mwanafunzi mpya hupenda hali hiyo ya pili kwa kuwa anataka kuziona nyuzi, na hapo ndipo balaa lake linapoanza. Mgongo unapinda, shingo inainama, na mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kutafuta sauti, unageuka nguzo ya kuzuia chombo kisianguke. Ni sawa na kumwambia mtu aandike huku amebeba ndoo ya maji kwa mkono uleule.

Mkao wenyewe si siri. Kaa kwenye kiti kisicho na egemeo za mikono, sogea mbele kidogo, na mguu wa kulia uinue kwa kijibao ukiwa paja linashuka. Bakuli la udi likae juu ya paja la kulia, mgongo wake uguse tumbo, na uso wa chombo usimame wima kabisa, ukitazama wanaokusikiliza. Ukikaa hapo huzioni nyuzi zote. Unaona ubavu wa shingo na uzi wa juu, basi. Kigasha cha mkono wa kulia kilale kwenye ukingo wa bakuli, upande wa mkiani nyuzi zinakoishia, kiuvute udi tumboni kwa uzito wake bila kuukaba. Kifundo cha mkono kipinde kishuke, ili risha, kile kipande chembamba cha kupigia, izifikie nyuzi ikitoka juu, imelala karibu sambamba nazo. Kisha fanya jaribio moja: ondoa mkono wa kushoto, uweke gotini, na upige nyuzi tupu. Udi ukibaki palepale, umeupakata. Ukianza kuporomoka, bado unaubeba, na maqamu (mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu) yoyote utakayojifunza katika hali hiyo utayajifunza vibaya.

Wapo wanaotandika kipande cha ngozi laini au mpira mwembamba juu ya paja ili bakuli lisiteleze. Sioni aibu yoyote hapo, ingawa wazee wengine hucheka. Ulaya ya karne ya 16 na 17, wapiga luti, ambayo ni mtoto wa udi aliyelelewa huko, waliegemeza chombo kwenye ukingo wa meza na picha zao za kuchorwa zinaonyesha hivyo. Tatizo la mgongo wa mviringo lilikuwa lilelile, nao walilitatua kwa samani iliyokuwa mbele yao.

Kutokana na mkao huo ndipo vipimo vya ununuzi vinapotokea. Kipimo cha kwanza ni kina cha bakuli, kitu ambacho wauzaji hawakitaji kabisa. Mkono wa kulia hupita juu ya bakuli kabla ya kufika kwenye nyuzi. Bakuli likiwa nene na mkono ukiwa mfupi, bega la kulia hupanda, na bega lililopanda kwa saa nzima ya mazoezi huleta maumivu ambayo mtu huyachukulia kuwa ni ugumu wa muziki. Kijana wa miaka kumi na mbili, au mwanamke mwenye umbo dogo, anaweza kupewa udi bora kuliko wote dukani na asipige chochote cha maana kwa sababu hiyo tu.

Kipimo cha pili ni urefu wa uzi, kutoka kwenye kijipau cha mfupa kichwani hadi kwenye kidaraja kilichogandishwa usoni. Udi wa Kiarabu kwa kawaida huwa na sentimita 61 hivi. Wa Kituruki huwa 58.5. Tofauti ya sentimita mbili na nusu inaonekana ndogo mpaka uigeuze kuwa umbali wa vidole. Uzi mtupu, usiobonyezwa, ukiwa do, ili upande hadi re unakata sehemu moja ya tisa ya uzi: kwenye uzi wa 61 hiyo ni karibu sentimita 6.8, kwenye wa 58.5 ni 6.5. Do hadi fa ni robo ya uzi: sentimita 15.2 dhidi ya 14.6. Milimita hizo chache, mkono mdogo unazilipia kila noti, maelfu ya mara kwa usiku mmoja. Na kwa kuwa shingo ya udi haina freti, ile mistari inayokatiza shingo na kuiweka sauti mahali pake, hakuna kinachomrekebisha mtu aliyekosea milimita mbili. Sauti inatoka chini ya ilipotakiwa, na robo za sauti za maqamu ya rasti na bayati, ambazo ndizo zinazoufanya udi uwe udi, zinageuka kelele.

Kuna jambo ninalotamani kila mnunuzi angelikagua kwa rula kabla hajaangalia nakshi. Kwa kawaida shingo ya udi ni theluthi moja ya urefu wa uzi. Maana yake, pale shingo inapokutana na bakuli ndipo inapopatikana sol ya uzi huo, ikiwa uzi mtupu ni do. Kwa mpigaji asiyeona vidole vyake, kiungo hicho ndicho alama pekee anayoweza kuigusa gizani: gumba linafika kwenye kisigino cha shingo na mkono unajua ulipo. Udi wa mapambo, ule unaouzwa kwa watalii ukiwa na chaza nyingi na vigingi vilivyopakwa rangi, mara nyingi haujali hesabu hiyo. Shingo ni ndefu kidogo au fupi kidogo kwa sababu aliyeitengeneza alikuwa akitengeneza umbo. Mwanafunzi akijifunzia hapo, mkono wake unazoea uongo, na siku atakapopewa udi wa kweli atalazimika kuanza upya.

Pima pia nafasi kati ya uzi na shingo pale kwenye kiungo. Milimita tatu hivi inafaa. Ikizidi nne vidole vinaumia na sauti inapanda kila unapobonyeza. Baadaye unaweza kubadilisha nyuzi, unaweza kukwangua vigingi, lakini shingo iliyovutwa mbele na nyuzi ni kazi ya fundi hodari, na mafundi hao pwani yetu si wengi.

Suala la ukubwa ni la zamani. Mwaka 1610, katika kitabu cha masomo ya luti kilichochapishwa London na Robert Dowland, mwana wa mpiga luti John Dowland, yamo maelekezo ya Jean-Baptiste Besard, mpiga luti wa Besançon. Anamshauri mwanafunzi achague luti ya wastani, isiyo kubwa wala ndogo, inayoufaa mkono wake. Hapo nakubaliana naye. Kisha anaongeza kwamba yeye binafsi angependa mwanafunzi aanzie kwenye chombo kikubwa kidogo na kigumu kidogo ili mishipa ya mkono inyooke, isipokuwa kama mkono ni mfupi sana. Hapo nampinga, hata kama alikuwa bingwa. Luti ilikuwa na freti za utumbo wa kondoo zilizofungwa kuzunguka shingo. Kidole kikichelewa nusu kucha, freti iliokoa sauti. Kwenye udi hakuna mwokozi. Kidole kilichonyooshwa kupita uwezo wake hakitui, kinaangukia popote. Ushauri wa Besard ukihamishwa kutoka luti hadi udi unamtesa mtoto bila faida, na bado nausikia ukitolewa kwa maneno mengine: mpe mkubwa, ataukulia.

Ninaposema kwamba mkao na kazi ndivyo vinavyochagua chombo, historia iko upande wangu. Luti ilipofika Ulaya kupitia Andalusia na Sisilia ilipigwa kwa unyoya, mstari mmoja wa wimbo, kama udi. Kufikia mwisho wa karne ya 15 wapigaji walianza kuacha unyoya na kutumia vidole, kwa sababu walitaka sauti mbili, tatu, nne kwa wakati mmoja. Mkono ulibadilika: kidole kidogo kikatua juu ya uso wa chombo kuushikilia mkono, gumba na shahada vikapishana juu ya nyuzi. Chombo kikaufuata mkono. Jozi za nyuzi zikaongezeka kutoka tano hadi sita, zikafika kumi mwanzoni mwa karne ya 17, na baadaye kumi na tatu. Italia ilipotaka chombo cha kumsindikiza mwimbaji kwa sauti nzito, wakaunda tiorba, yenye nyuzi za besi zinazofika mita moja na nusu na zaidi, chombo ambacho hakipiti mlangoni bila kuinamishwa. Hakuna aliyekuwa akiuliza kimetoka mji gani. Waliuliza kinamsindikiza nani.

Kinyume chake kilitokea katika karne ya 20. Watu wa Ulaya walipoifufua luti iliyokuwa imekufa, waliijua kupitia gitaa. Mafundi waliijenga nzito, ikiwa na freti za chuma, na wapigaji wakaipiga kwa kucha na kwa mkao wa gitaa. Mpiga gitaa wa Uingereza Julian Bream aliwafurahisha watu wengi kwa luti ya namna hiyo na simnyimi heshima yake. Baadaye mafundi walipopima luti za kale zilizohifadhiwa makumbusho, walikuta ubao wa uso una unene wa milimita moja na nusu hivi, na chombo kizima ni chepesi ajabu. Chombo chepesi hakikubali kucha na nguvu za gitaa. Kinataka nyama ya kidole na mkono uliotulia. Kizazi kilichofuata kililazimika kujifunza upya hata namna ya kukaa.

Baghdad nako chombo kiliufuata mkono. Cherif Muhiddin Haydar, ambaye Waturuki humwita Targan, alikuwa mpiga udi na pia mpiga selo. Alipofundisha katika taasisi ya muziki ya Baghdad kuanzia miaka ya 1930, alileta mkono wa kushoto wa selo: unaopanda kupita kiungo cha shingo hadi juu ya uso wa udi, kutafuta sauti za juu ambazo waimbaji hawakuzihitaji lakini mpigaji wa peke yake alizihitaji. Mwanafunzi wake Munir Bashir (1930–1997) aliubeba udi hadi kumbi za Ulaya, akikaa peke yake jukwaani mbele ya watu walionyamaza. Kwa kazi hiyo ulihitajika udi mwingine, na ukaundwa: kidaraja hakigandishwi usoni, kinaelea, na nyuzi zinafungwa mkiani, hivyo zinaweza kukazwa zaidi na kulia juu zaidi. Ni chombo cha kupendeza. Lakini kijana wa Unguja anayekinunua kwa sababu amekiona mtandaoni, kisha akakaa nacho katikati ya kundi la taarabu, atajikuta anapigana na fidla kwenye anga ya fidla.

Hapo tumefika kwetu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash (alitawala 1870–1888) alivutiwa na muziki wa Misri hata akamtuma Mohamed Ibrahim aende Cairo kujifunza ganuni, chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kikiwa kimelazwa. Tangu wakati huo Unguja imekuwa ikitazama Cairo kama kipimo. Ikhwani Safaa, kundi la taarabu, iliundwa mwaka 1905, na kundi la Unguja likakua likawa na safu ya fidla, ganuni, kodiani, nai (filimbi ya mwanzi), besi na ngoma. Katika msitu huo udi hausikiki sana. Unakuwa mfupa ndani ya nyama. Kazi yake ni kushika mstari wa wimbo na kuupa makali ya risha. Kwa kazi hiyo unahitaji udi wenye sauti nzito, wa mtindo wa Cairo au Damascus, na mpigaji anayekaa wima ili kipaza sauti kisinase mkwaruzo wa kanzu yake.

Mombasa na Lamu mambo ni mengine. Kundi ni dogo: mwimbaji, udi, ngoma ndogo ya dumbak, pengine kinanda au tashkota, chombo cha nyuzi chenye vibonyezo. Anayemsikiliza Zein l'Abdin Ahmed, aliyefariki mwaka 2016, anamsikia mwimbaji na mpiga udi katika mtu mmoja. Risha inajibu kila mshororo, inangoja, inaingia pale pumzi inapokatika. Mtu anayepiga akiimba hawezi kuinama. Pumzi haiji. Kwa hiyo mkao nilioueleza hapo juu kwake si suala la adabu ya darasani. Ni suala la mapafu. Na udi anaoutaka ni ule unaoweza kushushwa ufuate koo lake, kwani hakuna sheria inayosema lazima nyuzi za mwimbaji zilingane na za mtu wa Cairo. Udi wa Kituruki, unaotengenezwa kukazwa sauti nzima juu ya wa Kiarabu, ukilegezwa sana unapoteza uhai. Mwimbaji wa kiume mwenye sauti nzito asiununue, hata kama urefu wake unaufaa mkono. Mwimbaji wa kike mwenye sauti ya juu anaweza kuufurahia.

Nalo gambusi, hilo ambalo Waswahili wengine walilijua kama kibangala na Wangazija bado wanalipiga kwa jina la gabusi? Lilikuwepo pwani hii kabla ya udi wa Cairo kutawala, lina undugu na qanbus ya Yemen, na lilisafiri na Wahadhrami mpaka visiwa vya Malay. Limechongwa kutoka kipande kimoja cha mti, shingo na tumbo pamoja, na uso wake ni ngozi ya mbuzi. Ni jembamba. Mkono wa kulia haupandi mlima wowote kulifikia, na mtoto analipakata bila kufundishwa. Lilishindwa na udi kwa sababu za hadhi na pia za sauti, kwa sababu ngozi hailii kwa muda mrefu kama ubao na hulegea hewa ikiwa na unyevu hadi iote moto. Unguja leo ni nadra kumwona mpigaji wake. Naona tumepoteza kitu ambacho shule za muziki zingekitumia. Hakuna chombo bora kumpa mtoto wa miaka minane ajifunze risha na shingo isiyo na freti, kisha ahamie udi akiwa na mkono tayari. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha udi Mji Mkongwe tangu mwaka 2002, wasichana kwa wavulana, na msichana mwenye udi mapajani leo hamshangazi mtu. Lakini mwanafunzi bado anapewa kipimo cha mtu mzima wa Cairo. Fundi wa ngoma anayejua kuwamba ngozi, akikutana na mchonga milango wa Zanzibar, wangeweza kuunda gambusi la mtoto kwa gharama ndogo kuliko kuagiza udi mmoja. Mti upo na ngozi ipo.

Hali ya hewa yetu inastahili neno lake. Udi unashikwa na gundi ambayo haipendi joto wala unyevu, na Unguja ina vyote viwili. Usiuache ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa muda wa kusali Ijumaa. Vigingi ni vya kusokotwa tu kwenye tundu, havina skrubu. Msimu wa masika vinavimba na kukwama, kaskazi vinalegea na kuteleza. Chaki kidogo huvikamatisha, sabuni kavu huvilainisha, na mwenye busara huviondoa kimoja kimoja anapobadilisha nyuzi na kuvipaka chaki na sabuni. Mwingereza Thomas Mace, aliyeandika mwaka 1676 kuhusu baridi na ukungu wa kwao, alishauri luti ihifadhiwe kitandani kinacholaliwa kila siku, kati ya blanketi na tandiko zito la juu, na akaonya mtu asije akajitupa kitandani na kuivunja. Kwetu kitanda kingeipika. Mfuko wenye sponji, juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje unaovuja chumvi, unatosha.

Kwa hiyo nenda dukani na rula na kijibao cha mguu. Omba kiti. Muuzaji atakayekataa usikae na udi wake kwa robo saa ameshakwambia thamani yake. Kaa, ondoa mkono wa kushoto, sikiliza bega la kulia, tafuta sol kwenye kiungo, bonyeza, linganisha. Nakshi utaitazama mwisho. Kama tayari una udi mrefu kuliko mkono wako, usikimbilie kuuza: fundi anayeaminika anaweza kusogeza kijipau cha kichwani mbele kidogo na kufupisha uzi, ilimradi akwambie kabla kwamba kiungo hakitakuwa tena kwenye sol, na wewe uwe tayari kukipata mahali pake papya kwa sikio.